Sheria ya Watu wenye Ulemavu: Kipimo chake kipo kijijini

Na Mwandishi Wetu, Moshi

MTOTO anapozaliwa na miguu kifundo katika moja ya vijiji vya Kibosho, Uru au Kilema, tiba yake inajulikana na haihitaji upasuaji mkubwa. Mguu hunyooshwa taratibu kwa mikono ya mtaalamu, kisha hufungwa plasta ngumu, ambayo wengi huiita hogo. Plasta hiyo hubadilishwa kila wiki kwa majuma kadhaa mpaka unyayo ukae sawa. Baada ya hapo mtoto huvaa viatu maalumu vilivyounganishwa kwa kipande cha chuma, hasa anapolala, hadi afikishe umri wa miaka minne hivi. Akianzishiwa tiba hiyo mapema na ikafuatwa bila kukatishwa, kwa kawaida hutembea na kukimbia kama wenzake.

Kinachohitajika, basi, ni mambo mawili: kugunduliwa mapema na kutokatiza. Kwa familia inayoishi mlimani, jambo hilo la pili ndilo gumu. Mama atashuka na mtoto mgongoni mara moja kwa wiki, kwa miguu hadi barabarani, kisha kwa bodaboda na daladala hadi mjini Moshi. Wakati wa masika njia ya udongo huteleza, nauli hupanda, na shughuli za kihamba humsubiri nyumbani. Akikosa wiki ya tatu na ya nne, mguu hurudi ulikotoka. Miaka 20 baadaye mtoto huyo atahesabiwa katika sensa kuwa mtu mwenye ulemavu, ingawa ulemavu wake ulikuwa na dawa.

Mfano huu unaeleza vizuri mahali ambapo Tanzania imefika katika huduma kwa watu wenye ulemavu. Sheria ipo, wataalamu wapo na, kwa Mkoa wa Kilimanjaro, taasisi zipo nyingi kuliko katika mikoa mingi nchini. Swali linalobaki ni nani anayeunganisha nyumba iliyopo juu ya mlima na huduma iliyopo bondeni. Jibu la sheria ni la wazi: kazi hiyo inaanzia katika kamati ya kijiji au mtaa.

Kutoka matunzo hadi haki

Mwaka 1981 Umoja wa Mataifa uliadhimisha Mwaka wa Kimataifa wa Watu wenye Ulemavu. Mwaka uliofuata Bunge la Jamhuri ya Muungano lilitunga sheria mbili. Sheria Na. 2 ya mwaka 1982 ilihusu ajira, na ilimtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 50 au zaidi kutenga asilimia 2 ya nafasi zake kwa watu wenye ulemavu. Sheria Na. 3 ya mwaka huo ilihusu matunzo, na iligawa jukumu hilo baina ya familia, Serikali na mashirika. Kwa wakati wake zilikuwa hatua kubwa, lakini msingi wake ulikuwa huruma: mtu mwenye ulemavu alitazamwa kama mtu wa kutunzwa.

Mtazamo huo ulibadilika hatua kwa hatua. Mwaka 2004 ilitoka Sera ya Taifa ya Huduma na Maendeleo kwa Watu wenye Ulemavu. Novemba 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, na mwaka 2010 Bunge lilipitisha Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka huo, iliyozifuta sheria mbili za mwaka 1982. Tangu hapo lugha ya sheria ni lugha ya haki: haki ya afya na utengamao, haki ya elimu, haki ya kazi, haki ya kufika na kuingia katika majengo ya umma, haki ya kupata taarifa na haki ya kushiriki katika siasa na maisha ya jamii.

Sheria hiyo haikuishia katika kutaja haki. Iliunda pia vyombo vya kuzisimamia. Kitaifa lipo Baraza la Taifa la Ushauri kwa Watu wenye Ulemavu, lenye kazi ya kumshauri Waziri mwenye dhamana. Upo Mfuko wa Taifa wa Watu wenye Ulemavu. Chini yake zipo kamati zinazoanzia mkoani, zinapita wilayani na kufika hadi kijijini na mtaani. Aidha, sheria imezibebesha mamlaka za serikali za mitaa wajibu wa kulinda na kuendeleza haki na ustawi wa watu wenye ulemavu waliomo katika maeneo yao.

Ni muhimu mwananchi aelewe mpangilio huu, kwa sababu mara nyingi husikia habari za Baraza la Taifa na kudhani kwamba huko ndiko shida yake itakakotatuliwa. Baraza hushauri, halijui jina la mtoto wa Kibosho wala halina namna ya kulijua, isipokuwa jina hilo limeandikwa kijijini, likapelekwa kata, likafika halmashauri na mkoa. Ngazi ya juu huona kile tu ilichoonyeshwa na ngazi ya chini.

Mkoa wenye neema ya taasisi

Mkoa wa Kilimanjaro una wilaya 6 na halmashauri 7, na kwa mujibu wa Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 una wakazi 1,861,934. Sensa hiyo ilionyesha pia kwamba kitaifa asilimia 11.2 ya watu wenye umri wa miaka 7 na kuendelea wana aina fulani ya ulemavu. Huyo ni takriban mtu mmoja katika kila watu tisa. Tukichukua kipimo hicho cha kitaifa kama mwongozo tu, kijiji chenye watu 2,000 wa umri huo kingetarajiwa kuwa na watu wapatao 224 wenye ulemavu wa kiwango kimoja au kingine. Kijiji ambacho rejesta yake ina majina 10 hakina budi kujiuliza wengine wako wapi.

Kwa upande wa huduma za kibingwa, Moshi ni miongoni mwa miji iliyojaliwa. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, inahudumia Kanda ya Kaskazini na maeneo ya mbali zaidi. Katika eneo hilo hilo kipo chuo cha TATCOT, kilichoanzishwa mwaka 1981, ambacho huandaa wataalamu wa viungo bandia na vifaa saidizi kutoka nchi mbalimbali za Afrika. Kipo pia kituo cha kikanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, ambako ilianzia kazi ya kutengeneza mafuta ya kukinga ngozi ya mtu mwenye ualbino dhidi ya mionzi ya jua. Leo mafuta hayo, yajulikanayo kwa jina la Kilisun, yanatengenezwa hapa hapa Moshi.

Katika elimu, Shule ya Msingi Mwereni iliyopo katika Manispaa ya Moshi inapokea wanafunzi wasioona wanaosoma pamoja na wenzao wanaoona. Wilayani Mwanga ipo shule ya viziwi ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Mkoa jirani wa Arusha una Chuo cha Ualimu Patandi, kinachoandaa walimu wa elimu maalumu. Mzazi wa Kilimanjaro mwenye mtoto asiyeona au kiziwi, kwa hiyo, hana sababu ya kuambiwa kwamba elimu kwa mtoto wake haiwezekani.

Hata hivyo, neema hiyo ina upande wake wa pili. Sehemu kubwa ya taasisi hizo ipo mjini au kando ya barabara kuu, ilhali wananchi wengi wa mkoa huu wanaishi katika vihamba vilivyo kwenye migongo ya mlima, iliyotenganishwa na makorongo ya mito. Vijiji viwili vinavyotazamana kwa macho vinaweza kutenganishwa na korongo ambalo mtu mwenye kiti mwendo hawezi kulivuka. Kwa kijana aliyekatwa mguu baada ya ajali ya pikipiki, kiungo bandia kilichotengenezwa kwa ustadi mjini kina thamani ndogo iwapo hana nauli ya kurudi kukirekebisha kinapoanza kumchubua. Kwa mkulima mwenye ualbino, chupa ya mafuta iliyogawiwa mara moja siku ya maadhimisho haitoshi: jua humkuta shambani kila siku, na mafuta yakiisha hatari ya saratani ya ngozi hubaki pale pale.

Huduma kwa watu wenye ulemavu, kwa maumbile yake, ni huduma ya kurudiarudia. Plasta hubadilishwa, kiungo hurekebishwa, mafuta hujazwa upya, mtoto hufuatiliwa shuleni mwaka hadi mwaka. Msaada wa siku moja unaweza kupigwa picha nzuri, lakini hauwezi kuchukua nafasi ya ufuatiliaji. Na ufuatiliaji haufanywi kutoka Dodoma.

Kamati ya kijiji inafanya nini

Kamati ya watu wenye ulemavu ya kijiji au mtaa ina kazi tatu ambazo hakuna chombo kingine kinachoweza kuzifanya vizuri kuliko yenyewe.

Ya kwanza ni kuwafahamu watu. Serikali imeanzisha mfumo wa kielektroniki wa kusajili na kutunza taarifa za watu wenye ulemavu nchini. Mfumo huo ni chombo kizuri, lakini chakula chake ni taarifa za kijijini. Wapo watoto ambao bado wanafichwa ndani kwa aibu au kwa hofu, na wapo wazee waliopoteza uwezo wa kuona wakadhani ni uzee tu na si jambo la kuripoti. Afisa anayetoka wilayani kwa siku moja hatawaona hao. Mwenyekiti wa kitongoji, mhudumu wa afya ngazi ya jamii na jirani wanawajua. Kamati inayokutana na kupitia kitongoji kimoja baada ya kingine ndiyo inayoweza kujaza rejesta kwa uaminifu na kwa staha.

Ya pili ni kuunganisha. Mtu akishajulikana, lazima afikishwe mahali: zahanati, Afisa Ustawi wa Jamii, shule, hospitali ya rufaa. Kamati iliyo hai hujua ni mama gani ana kliniki wiki hii, na huweza kupanga na wenye bodaboda au na kikundi cha kuweka na kukopa ili asikose. Hufahamu pia kwamba mtoto fulani amefikisha umri wa kuanza shule na hajaandikishwa. Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi wa mwaka 2021/22 hadi 2025/26 ulijengwa juu ya wazo kwamba mtoto mwenye ulemavu asome kadiri inavyowezekana karibu na nyumbani. Lakini mwalimu mkuu hawezi kujiandaa kwa mtoto ambaye hakuna aliyemwambia kwamba yupo.

Ya tatu ni kudai nafasi katika mipango na bajeti. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1, na mabaraza ya madiwani hupitisha makadirio yao miezi kadhaa kabla ya Bunge la Bajeti. Mipango hiyo inapaswa kuanzia kijijini kwa utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo. Hitaji ambalo halikutajwa katika kikao cha kijiji wakati huo ni vigumu kulikuta katika kitabu cha bajeti cha halmashauri. Njia ya mteremko katika zahanati, choo chenye nafasi ya kiti mwendo shuleni, nauli ya Afisa Ustawi wa Jamii kufika kata za juu: haya si mambo ya mabilioni, lakini hayaingii kwenye bajeti yenyewe.

Hapa ndipo ukweli usemwe kwa uwazi. Kamati iliyoundwa kwa ajili ya kujaza fomu, ambayo wajumbe wake hawakumbuki mara ya mwisho walipokutana, haitofautiani na kamati isiyokuwepo. Sheria inapounda chombo, inakipa uhalali; uhai wake unatoka kwa wajumbe, kwa mtendaji anayeitisha kikao, na kwa halmashauri inayosoma muhtasari wa kikao hicho na kuujibu.

Fedha na ajira

Eneo la pili ambalo sheria inafika moja kwa moja kwa mwananchi ni uchumi. Tangu mwaka 2018 halmashauri zinatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji wa mikopo hiyo ulisitishwa mwaka 2023 ili kurekebisha kasoro zilizobainika, na ukarejeshwa katika mwaka wa fedha 2024/25 kwa utaratibu mpya.

Hesabu yake ni rahisi. Kwa mfano, halmashauri ambayo mapato yake ya ndani yanayohusika ni Shilingi bilioni 4 inapaswa kutenga Shilingi milioni 80 kwa watu wenye ulemavu. Fedha hizo zinaweza kuanzisha ufugaji wa ng'ombe wa maziwa, ushonaji, banda la kuku au duka dogo. Kanuni zililegezwa ili hata mtu mmoja mwenye ulemavu aweze kuomba bila kulazimika kutafuta wenzake wa kuunda kundi, jambo lililokuwa kikwazo kikubwa katika vijiji ambavyo watu hao wanaishi mbalimbali. Lakini tangazo la mikopo likibandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kata, mtu asiyeona hatalisoma. Na likisomwa mkutanoni bila mkalimani wa lugha ya alama, kiziwi hatalisikia. Fungu la asilimia 2 linaweza kubaki bila waombaji wa kutosha, si kwa sababu hawapo bali kwa sababu taarifa haikuwafikia kwa namna wanayoielewa. Kulisambaza tangazo nyumba kwa nyumba ni kazi nyingine inayoiangukia kamati ya kijiji.

Kuhusu ajira, sheria ya mwaka 2010 ilipanua wigo wa ile ya mwaka 1982. Mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi anatakiwa kuhakikisha kwamba angalau asilimia 3 ya wafanyakazi wake ni watu wenye ulemavu. Mwajiri mwenye watu 100 anapaswa kuwa na watu 3. Mwenye watu 200, watu 6. Moshi ni mji wa viwanda, hoteli, kampuni za utalii, hospitali na vyuo, na waajiri wanaofikia kiwango hicho si wachache. Kijana aliyehitimu ufundi akiwa na ulemavu wa kusikia haombi upendeleo anapobisha hodi katika ofisi hizo. Anatimiza upande wake wa sheria, na mwajiri anatakiwa kutimiza wake.

Funzo kwa majirani

Tanzania haiko peke yake katika safari hii. Zanzibar ina sheria yake na Baraza lake la watu wenye ulemavu. Uganda, kwa upande wake, ilichagua njia inayofaa kutazamwa kwa makini. Tangu sheria yake ya serikali za mitaa ya mwaka 1997, mabaraza ya madiwani yana nafasi mbili za wawakilishi wa watu wenye ulemavu, mmoja wao akiwa mwanamke. Bunge la nchi hiyo nalo lina viti vya wawakilishi wao. Maana yake ni kwamba bajeti ya wilaya inapojadiliwa, mtu mwenye ulemavu yumo ndani ya kikao akiwa na sauti na kura.

Mfumo wa kamati tulioufuata sisi una faida yake, kwa kuwa unashuka hadi kijijini ambako watu wanaishi. Udhaifu wake ni kwamba kamati hushauri, ilhali anayepiga kura ya bajeti ni diwani. Ndiyo maana uhusiano kati ya kamati na diwani wa kata haupaswi kuachwa utegemee urafiki. Taarifa ya kamati ikiwa ajenda ya kudumu katika Kamati ya Maendeleo ya Kata, pengo hilo litapungua bila kusubiri sheria mpya.

Mwananchi aanzie wapi

Viongozi wa vijiji, vitongoji na mitaa walioingia madarakani kwa uchaguzi wa Novemba 27, 2024 wana muda wa miaka mitano. Kwa mujibu wa sheria, mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Hapo ndipo mahali pa kuuliza maswali manne mepesi: Je, kamati yetu ya watu wenye ulemavu ipo na wajumbe wake ni nani? Ilikutana lini mara ya mwisho? Rejesta ina majina mangapi, na kuna kitongoji kisicho na jina hata moja? Katika bajeti inayoandaliwa, tumeomba nini kwa ajili yao?

Mzazi mwenye mtoto anayehitaji tiba, elimu au kifaa saidizi aanze kwa mtendaji wa kijiji au mtaa na kwa Afisa Ustawi wa Jamii, na ahakikishe jina la mtoto limeandikwa. Vyama vya watu wenye ulemavu, vilivyoungana chini ya shirikisho lao SHIVYAWATA tangu mwaka 1992, navyo ni mlango wa kupata ushauri pale mzazi anapokwama.

Kila Desemba 3 dunia huadhimisha Siku ya Kimataifa ya Watu wenye Ulemavu. Hotuba hutolewa na vifaa hugawiwa, na ni vyema iwe hivyo. Lakini kwa mama wa Kibosho siku yenye uzito ni ile ya kliniki ya wiki ya tatu, mvua ikinyesha na nauli ikiwa haijatimia. Kama siku hiyo yupo mtu kijijini anayejua kwamba anatakiwa kushuka, na aliyejiandaa kumsaidia afike, basi Sheria Na. 9 ya mwaka 2010 imefika mlimani.